Pindo la Vidole Sita

Mama ameacha kushona. Hakutangaza wala hakuaga wateja, alinipigia simu tu akasema macho yameanza kuuona uzi mmoja kuwa nyuzi mbili, niende Ihumwa nimsaidie kupunguza vitu chumbani. Nikaenda Jumamosi. Nilipoinua kifuniko cha mbao cha cherehani yake, harufu ikanipiga usoni: mafuta ya mashine, chaki ya fundi, na tetroni mpya iliyopigwa pasi ya mkaa juu ya kitambaa kibichi. Nilibaki nimekishika kile kifuniko, vidole vikaanza kufa ganzi kuanzia nchani. Mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili na mkopo wa pikipiki. Ganzi hiyo naijua. Ilinishika mara ya kwanza nikiwa darasa la tatu, ikakaa nami msimu mzima wa zabibu.

Wa rika langu mtakumbuka sare zetu. Shati jeupe ambalo halikuwa jeupe, sketi ya bluu ya marinda, na mguuni chochote ambacho Mungu amejalia. Mama alikuwa fundi wa sare, na alikuwa na masharti yake. Kila sketi iliyotoka mkononi mwake ilikuwa na pindo la upana wa vidole vinne kwa ndani. Kila Januari alilifumua, akalishusha kidogo, akashona tena, na pale pindo la zamani lilipokuwa unabaki mstari wa bluu iliyokoza ambao jua halijawahi kuufikia. Wenzangu walinitania sana. Walisema sketi yangu ina mistari kama ngazi, na ukitaka kujua umri wangu uhesabu kuanzia chini. Nilicheka nao, ila moyoni nilijivuna, kwa sababu mistari ile ilimaanisha kuna mtu anayengoja nikue.

Nyumbani tulikuwa wanne: mama, baba, mimi, na mdogo wangu Idi ambaye alikuwa hajaanza shule. Baba alikuwa mtu wa Kondoa, fundi mwashi, mpole wa sauti. Sijui yeye na mama waligombania nini. Nimeuliza nikiwa mtu mzima na kila mmoja alinijibu jibu lake, nikaona niyaache. Ninachokumbuka ni kwamba waliacha kuzungumza, na mimi nikawa mjumbe wao. "Mwambie baba yako chumvi imeisha." "Mwambie mama yako nitachelewa." Wamekaa chumba kimoja, hatua tatu baina yao, nami nasimama katikati nikirudia maneno ambayo kila mmoja ameshayasikia. Nilidhani ndivyo nyumba zote zilivyo. Na niseme ukweli, kazi ile niliipenda, kwa sababu hakuna lililopita kati yao bila kupitia kwangu.

Muhula wa pili ulipoanza mama alinishonea sketi mpya. Nilipoigeuza ndani nje kama kawaida yangu, nikapima pindo kwa vidole. Sita. Nikapima tena. Nilitaka kumuuliza, ila alikuwa na sindano mdomoni na uso wake siku zile haukuwa wa kuulizwa.

Wiki haikuisha. Baba alikuja shuleni wakati wa mapumziko akiwa amembeba Idi mabegani, na begi moja mkononi. Akamwambia mwalimu wa zamu kwamba kuna msiba. Tulipofika barabarani nikamuuliza ni nani aliyekufa.

"Hakuna aliyekufa. Tunasafiri."

"Mama je?"

"Mama yako anajua."

Maneno matatu. Nimeyageuza miaka yote hii na bado sijui kama yeye mwenyewe aliyaamini kwa wakati ule. Mimi niliyaamini yote. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hayakupitia kwangu. Kama wamezungumza wenyewe, nikawaza, basi ni jambo kubwa kuliko chumvi. Halafu nikakumbuka pindo la vidole sita, hesabu ikakamilika kichwani mwangu. Mama alikuwa anajua. Aliacha kitambaa kirefu kwa sababu hatakuwepo wa kunishonea nyingine, atakayeshusha atakuwa mtu mwingine. Alitutoa kwa hiari yake, na akatutoa vizuri, kama fundi. Sikulia. Nilikaa dirishani kwenye basi nikihesabu nguzo za umeme, Idi amelala mapajani mwangu, miguu yangu imekufa ganzi nikadhani ni uzito wake.

Siku ile tulienda hadi Manyoni. Kesho yake tukapanda lori la mahindi lililosimama kila kijiji, na keshokutwa yake jioni tukashushwa mahali penye mashamba ya zabibu. Siku tatu za safari. Kwa akili yangu tulikuwa tumefika mwisho wa nchi. Palikuwa ni Hombolo. Kutoka Ihumwa hadi Hombolo gari halimalizi saa moja; baba alikuwa ametuzungusha.

Shamba lilikuwa la mama mmoja mjane, tulimwita Bibi Damari, ambaye alihitaji mtu wa kupogoa, kumwagilia na kulinda. Alitupa chumba kimoja cha tope kando ya shamba. Baba alimwambia mke wake amesafiri. Bibi Damari alituangalia mmoja mmoja, akaingia jikoni, akatoka na ugali wa uwele na mlenda. "Kuleni, wajukuu zangu," akasema. Hakuuliza zaidi. Mizabibu ilikuwa imetoka kupogolewa, vijiti vitupu vimefungwa kwenye waya, shamba zima likionekana limekufa. Baba akaniambia litaamka.

Jumatatu akanipeleka shule ya pale. Njiani akanishika bega.

"Hapa utaitwa Zuhura. Ni jina la bibi yako, mama yangu."

"Na la kwangu?"

"Utalikuta tukirudi."

Mwalimu mkuu akadai barua ya uhamisho. Baba akasema itafuata. Mwalimu akakuna kichwa, akaniangalia nilivyo na sare safi yenye marinda yaliyonyooka, akaniandika kwenye daftari la mahudhurio kwa penseli. "Barua ikija tutaweka wino," akasema. Kila asubuhi jina likiitwa niliitikia "nipo", na kila asubuhi nilifikiria ile penseli.

Sina visa vikubwa vya kuwasimulia kuhusu miezi ile. Hatukupigwa, hatukulala na njaa. Tukitoka shule kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege, nikizunguka kati ya mistari ya mizabibu nikigonga debe kwa kijiti, Idi nyuma yangu akigonga kopo lake. Shamba kweli liliamka, yakaja majani, vikaja vishada vidogo vigumu kama kunde mbichi. Baba akavinyunyizia unga wa salfa, dawa ya ukungu, tukawa tunanuka salfa sisi, nguo na blanketi. Idi aliuliza mama yuko wapi kila siku, halafu mara moja moja, halafu akaacha. Alipoacha nilipaswa kuhuzunika. Nakumbuka nilihisi nafuu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namjibu. Usiku uleule nilikojoa kitandani, msichana wa darasa la tatu.

Sasa niwaambie alichokuwa anafanya mama, ambacho nilikuja kukijua baadaye sana, kipande kwa kipande, maana si msemaji. Jioni ile baba alipotuchukua, mama alituandalia chakula tukachelewa. Kesho yake akaenda shuleni, akaambiwa kuna msiba, akapanda gari hadi Kondoa kwa wakwe zake akakuta hakuna msiba wala sisi. Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaenda polisi. Askari aliyemsikiliza hakuwa mtu mbaya. Alimwambia, "Mama, watoto wako na baba yao. Hasira zikiisha atarudi." Mama akamwambia yeye hasubiri hasira za mtu. Basi askari akachukua karatasi akaomba picha zetu.

Mama hakuwa na picha yetu hata moja. Alikuwa na vipimo vyetu. Akafungua daftari lake la kazi pale kaunta, akamsomea: msichana, kiuno inchi ishirini na moja, urefu wa sketi kumi na nane, bega kumi na moja. Mvulana, kaptula, kiuno ishirini. Mama anasema askari aliandika yote bila kucheka, na mpaka leo anamwombea.

Kwenye ofisi ya ustawi wa jamii alimpata dada mmoja aliyemwambia neno moja la maana. "Ukiwaona, usifanye fujo. Usimwite mtoto, usimfuate. Njoo kwanza kwetu au kwa mtendaji wa kijiji. Baba yao akishtuka atawabeba tena, na mara ya pili hutawapata." Mama akalishika neno hilo. Halafu akafanya kitu ambacho nadhani ni fundi wa sare peke yake angekifikiria. Alijua baba atatupeleka shule, kwa sababu kwenye mambo ya shule baba alikuwa mkali. Akawaza, mtoto anayekua atahitaji sketi. Akachukua futi yake ya kupimia na daftari, akaanza kuzunguka shule moja baada ya nyingine akiomba kuwapima watoto sare za mwaka unaofuata. Alianza za Ihumwa na za karibu na mjini, akaenda Buigiri, akaenda vijiji ambavyo alifika kwa miguu. Watoto walipanga foleni mbele yake, akawapima, akaandika. Alikuwa hahisi kitu, ananiambia. Anapima kiuno, anatazama uso, siyo, anayefuata. Na sare hizo alizishona kweli, kwa sababu alikuwa ameahidi.

Alifika Hombolo zabibu zikiwa zimeanza kuiva.

Ilikuwa Jumanne, baada ya uji. Mwalimu wa zamu akatuambia wasichana wa darasa la tatu twende barazani, kuna fundi anapima sare. Nilikuwa wa saba au wa nane kwenye foleni. Niliona kwanza mgongo na khanga iliyofungwa kiunoni, halafu mkono ukizungusha futi, na kabla ya kuuona uso nilikuwa nimeshajua. Miguu haikukimbia kwenda mbele wala nyuma. Foleni ilisogea nami nikasogea nayo, hadi wa mbele yangu akaondoka nikabaki mimi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Akaniangalia. "Jina?"

Nilikuwa na sekunde ya kusema jina langu. Naijua sekunde hiyo ilipo hadi leo. Lakini niliwaza: anaijua sura yangu na bado anauliza jina, basi ndivyo walivyokubaliana.

"Zuhura."

Kalamu yake ikasimama juu ya karatasi. Kisha akaandika. Akapitisha futi kiunoni, akasoma, akaandika. Akapima urefu wa sketi. Halafu akalishika pindo la sketi yangu kwa vidole viwili, akalipapasa kwa ndani kuona limebaki kiasi gani, akaliachia. Nikadhani amemaliza. Akapima bega. Akapima mkono, kiganja, shingo. Akazungusha futi kichwani mwangu na vidole vyake vikapita nyuma ya masikio. Vilikuwa vya baridi na havikutetemeka. Wasichana nyuma wakaanza kunung'unika.

"Fundi, mbona yeye unampima mwili mzima?"

"Huyu anahitaji na sweta," mama akasema. "Haya, mwingine."

Niliondoka nikarudi darasani nikakaa kwenye dawati langu. Ilikuwa hesabu za kugawanya. Nilizipata zote. Nilikuwa nimepata na jibu jingine, lile nililokuwa nalo tangu dirishani kwenye basi, na sasa lilikuwa limesahihishwa na kuwekewa vema. Mama amenipima na hakunichukua. Sikuwa na hasira naye. Sikuwa na chochote.

Jioni baba alinikuta nagonga debe, akaanza kukata vishada kando yangu. Alikuwa na kawaida ya kuuliza habari za shule, na aliuliza kwa nia ya kusikia.

"Leo kuna nini shuleni?"

"Alikuja fundi kutupima sare."

Akaacha kukata. Mkasi ukabaki umefunguka. "Fundi gani?"

"Fundi tu."

"Mwanamke au mwanamume?"

"Mwanamke. Mzee mzee."

Akanitazama, kisha akaendelea kukata. Watu wakisikia kisa hiki hunisifu hapa. Husema mtoto yule alikuwa na akili, alimlinda mama yake. Sikumlinda mtu. Nilificha kwa sababu ningesema nimemwona mama, baba angeuliza amesemaje, na ningelazimika kurudisha ujumbe kwamba hakusema kitu. Ndiyo maana nikadanganya, na kama ningesema kweli, kesho yake asubuhi tungekuwa kwenye lori jingine.

Alhamisi wakaja mchana. Mama, yule dada wa ustawi, mtendaji wa kijiji, na askari aliyevaa kiraia. Walipita katikati ya mistari ya mizabibu wakifuatana, mama wa mwisho. Idi alimwona akaangusha kopo lake, akamkimbilia na kumkumbatia magoti, akalia kilio cha miezi yote ile kwa mara moja. Mama akaweka mkono kichwani mwake. Mimi nilibaki na debe langu.

Baba hakukimbia. Mikono yake ilikuwa inanata maji ya zabibu hadi kwenye viwiko na nyuki wanamzunguka. Akaomba anawe kwanza. Mtendaji akamruhusu. Alinawa kwa muda mrefu kwenye beseni la Bibi Damari, kila kidole peke yake, sote tumesimama tunamtazama anavyonawa. Alipomaliza akasimama hatua tatu kutoka kwa mama, na hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Mwambie mama yako sikuwatesa."

Nikageuka. "Mama, baba anasema hakututesa."

"Mwambie nimesikia."

"Baba, anasema amesikia."

Baada ya hapo sikuwahi kupeleka ujumbe wa mtu.

Tulirudi kwa gari la ofisi. Nilikuwa nimejiandaa kwa safari ya siku tatu. Nilipoona reli ya Ihumwa nikadhani ni reli nyingine, nikaona duka la jirani yetu nikadhani wote wanafanana, mpaka gari likasimama mlangoni kwetu. Muda wote ule tulikuwa hapo tu. Jambo hilo hadi leo linanichukiza kuliko mengine yote, na sijui nimchukie nani kwa ajili yake.

Mama hakunikumbatia siku ile, au alinikumbatia na mimi sikuhisi. Jumapili aliniomba sketi, akafumua pindo, akalishusha inchi moja. Nikapima kilichobaki kwa vidole nikiwa nimejificha nyuma ya mlango. Kilikuwa bado kingi. Nilivaa sketi ile hadi darasa la sita, na kila Januari nilingoja aniambie kwa nini, hakuniambia, na mimi sikuuliza. Tukaishi vizuri. Tulicheka, alinisomesha, alicheza kwenye harusi yangu mpaka kiatu kikakatika. Lakini kati yetu palibaki hatua tatu, na hapakuwa na mtoto wa kutumwa.

Basi Jumamosi hii, chini ya cherehani, nikakuta madaftari yake yamefungwa kwa ukanda wa kitambaa. Lile la mwaka ule nililijua kwa jalada. Nikafungua. Kurasa kwa kurasa za watoto wa shule nisizozijua, kila jina na vipimo viwili mbele yake, kiuno na urefu, maana sketi haihitaji zaidi. Mwishoni nikafika Hombolo. Zuhura. Kiuno. Urefu. Bega. Mkono. Kiganja. Kifundo. Shingo. Kichwa. Sikio hadi sikio. Paji. Chini yake, bila jina la kiungo, ameandika: kakonda.

Nikatoka nalo uani. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachagua maharage kwa kupapasa.

"Mama, lile pindo uliliachia vidole sita kwa nini?"

"Pindo gani?"

"La sketi yangu. Kabla baba hajatuchukua."

Alifikiria kweli, namwona anatafuta. "Kitambaa kilibaki," akasema. "Sikuona sababu ya kukikata."

Nikacheka, kicheko kibaya. Nikakaa chini kwenye mkeka nikamwambia yote: hesabu yangu ya pindo, lile "mama yako anajua" la baba, foleni, jibu lililosahihishwa. Nikamwambia nilidhani alitutoa. Aliacha maharage.

"Mimi nilijua kwa nini sikukuita," akasema. "Niliambiwa nisikuite. Nilitembea hadi kwa mtendaji kwa miguu ambayo sikuwa naihisi. Lakini wewe ulinitazama usoni ukanitajia jina lingine. Nikasema, mwanangu amenikana. Sikujua kafundishwa au kachagua mwenyewe." Akafuta mikono kwenye khanga. "Niliogopa kukuuliza. Ningekuuliza, ukaniambia umechagua, ningefanyaje?"

Miaka yote hii. Kila mmoja upande wake, anangoja mwenzake aulize.

"Niletee futi," akasema.

Nikaileta. Akaniambia nisimame, naye akasimama kwa kunishika bega. Hakuweza kuzisoma tarakimu, akawa anaweka dole gumba pale futi inapokutana ananiuliza mimi. Akapima kiuno, akaguna. Akapima mkono, kiganja, shingo. Akazungusha futi kichwani, vidole vyake vikapita nyuma ya masikio yangu, na nikavihisi. Akakaa tena kwenye kigoda, akafungua daftari kwenye ukurasa mtupu, akaniinulia yale macho yenye ukungu.

"Jina?" akauliza.

Nikamtajia la kwangu.